Kamba za mama mdogo: kwa nini zao la kijani kuliko yote linakimbiwa na wanaolilima

Juzi nimeiona tena ile picha. Mnaijua nyie, mwanamke wa Kizanzibari na kanga yake mbichi, maji yamemfika mapajani, nyuma bahari ya feruzi, mkononi fungu la mwani, na chini yake maneno matamu ya zao endelevu, halitaki mbolea, halitaki kumwagiliwa, halikati mti hata mmoja. Sibishi, yote ni kweli. Ila mie nina mama mdogo Jambiani anafunga mwani tangu sijaingia skuli, na mie mwenyewe kazi yangu ni klia, mizigo ya kuingia na kutoka, kontena za mwani nimezishika karatasi zake mara kadhaa. Kwa hiyo ncha ya baharini naijua na ncha ya bandarini naijua, na nikiziweka pamoja ile picha hainiingii akilini kabisa. Leo nataka nikifungue hiki kisa kimoja tu, mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, maana mazungumzo ya biashara endelevu yakiwa ya dunia nzima kila mtu anaonekana ana akili.

Nianzie maji yanapotoka.

Mwani unafanyiwa kazi bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokwenda mbali. Maji mafu huna kazi huko, utakaa nyumbani. Sasa pwani yetu bamvua maji yanakauka saa nne, saa tano asubuhi hivi, kwa hiyo ule muda wa kushughulikia kamba ndio muda jua linapanda utosini, na ndio muda huohuo maji kidogo yaliyobaki ndani ya mwamba yanachemka. Shikeni hilo la maji kuchemka, tutalirudia. Mara ya mwisho nimekwenda na mama mdogo tulitoka saa tatu, kabeba taitai kiunoni (zile kamba nyembamba za kufungia vipande), viatu vya plastiki kwa ajili ya miiba, na chupa ya maji. Kutembea tu kufika kwenye vigingi vyake ni kama nusu saa. Shamba lenyewe ni vigingi vya miti vimechomekwa mchangani, katikati kamba imevutwa, na kwenye kamba kila baada ya shubiri moja pamefungwa kipande cha mwani. Hakuna mbegu ya kupanda hapo. Unakata kichwa cha mwani uliokwisha kukua, unakifunga tena, kinakua. Wiki sita hivi unavuna, unabakisha vichwa, unafunga upya. Nilijaribu kufunga kamba moja nikaona mgongo unaniuma, akacheka akaniambia, "Wewe kaa na makaratasi yako mwanangu, haya ya kuinama tuachie wenyewe."

Kuvuna ndio shughuli. Mwani mbichi ni maji matupu, kilo saba nane mbichi zinakupa kilo moja kavu. Maana yake gunia la kilo 50 unaloliona kwenye mzani wa kampuni limetoka baharini likiwa na uzito wa kilo 350 au 400, na uzito huo haukuja kwa gari, umeburutwa majini halafu umebebwa kichwani. Halafu uanikwe siku mbili tatu mvua isinyeshe. Kwa miaka mingi bei ya kilo ya spinosamu, ndio aina inayolimwa zaidi, haikufika hata shilingi 1,000. Pigeni hesabu ya mfano kwa shilingi 600: gunia zima elfu thelathini. Na hapo sijatoa pesa ya taitai, sijahesabu kamba zilizokatika wala zile siku ulizokwenda ukakuta tasi wamekula wao kwanza.

Haya, hii kitu imefikaje kwetu? Mwani pori Wazanzibari walikuwa wanauokota na kuuza nje zamani sana, kabla ya kilimo. Kwenye miaka ya 70 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyelivalia njuga suala la kuulima. Kilimo chenyewe cha biashara kikaanza 1989, Paje na Jambiani, kwa vipande vya kupandia vilivyoletwa kutoka Ufilipino. Wanaume wakaona kazi ya kuinama, ya kike, wakawaachia wanawake, na wanawake kwa mara ya kwanza wakawa na pesa isiyopitia mkononi kwa mtu. Mama mdogo anasema miaka ile ya mwanzo mabati yalipanda juu ya nyumba Jambiani mpaka mafundi wakawa wanaringa. Sare za skuli, vitanda, redio, mpaka leo kuna kabati nyumbani kwake linaitwa kabati la mwani. Kwa hiyo wanaosema zao hili halijawahi kumfaa mtu nao wanakosea. Lilifaa sana. Limekuwa la tatu kuleta fedha za kigeni Zanzibar baada ya utalii na karafuu, wakulima zaidi ya 20,000, na katika kila watano wanne au zaidi ni wanawake.

Unakwenda wapi? Hauliwi huku, si unajua. Unabanwa marobota, unaingia kontena, unatoka bandari ya Malindi, hapa mjini Unguja, na meli ndogo hadi bandari kubwa, kisha Ulaya, Marekani, China. Huko kiwandani unachemshwa unatolewa utomvu fulani unaitwa karajinani, ndiyo ile E407 kwenye maandishi madogo ya paketi. Kazi yake kushikilia vitu visitengane: maziwa ya chokoleti unga usizame chini, aiskrimu isiwe barafu, dawa ya meno isichuruzike, nyama ya kopo ya mbwa ikae umbo. Kuna aina mbili za mwani hapa na tofauti yake ndiyo kiini cha kisa kizima. Spinosamu inatoa karajinani laini, kotonii inatoa ile ngumu inayoganda vizuri, na viwanda vinaililia kotonii, bei yake ni mara mbili na zaidi.

Basi limeni kotonii, si ndio? Hapo sasa.

Kotonii haivumilii joto. Mwani huu unapenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30 hivi, na nimeshawaambia bamvua maji yanatoka saa ngapi. Miaka ya mwanzo ya 2000 kotonii ya Unguja ilianza kufa, unakwenda asubuhi unakuta matawi yamekuwa meupe kama chaki yamelainika yanakatika yenyewe, wataalamu wanauita ugonjwa wa aisi-aisi. Ukiacha weupe kuna na manyoya, vimwani vidogo vinaota juu ya mwani vinaunyonga. Vijiji vingi vya mashariki vikaiacha kabisa vikabaki na spinosamu ambayo ni sugu kidogo, kotonii ikabaki zaidi Pemba. Kwa lugha ya biashara ni kwamba joto la bahari limewashusha wanawake wa Jambiani kutoka bidhaa ya bei ya juu kwenda bidhaa ya bei ya chini, kazi ileile, mgongo uleule. Na spinosamu nayo sasa inaugua miezi ya kaskazi. Mwaka 2015 Zanzibar ilipita tani 16,000 kavu, mwaka uliofuata ikashuka kwenye tani 11,000 hivi. Joto limechangia na bei imechangia, ukisikia mtu anakupa sababu moja tu ya anguko lile ujue anauza kitu.

Halafu kuna hili la mbegu ambalo binafsi naliona la hatari kuliko watu wanavyolichukulia. Nimesema mwani haupandwi mbegu, unakatwa kipande unafungwa. Sasa kile kipande kilichotoka Ufilipino 1989 kimekatwa na kufungwa, kikakatwa na kufungwa, miaka zaidi ya thelathini, kwa kiasi kikubwa ni mmea uleule mmoja unajirudia. Hauna watoto waliotofautiana na mama yao. Ugonjwa ukimpata mmoja hakuna ndugu mwenye damu tofauti wa kusalimika. Na tuna mwani wetu wa asili hapahapa, watafiti wameshapima wakaona si sawa na ule wa Asia, ila mashambani haupo. Tunalima mgeni aliyekwisha kuchoka na mwenyeji yuko mwambani tunamkanyaga tukipita.

Turudi kwenye bei maana ndiko nilikokusudia. Watu wengi wakizungumza na mimi wanasema kampuni zinanunua kwa dhulma, basi. Mie nitasema kitu ambacho mama mdogo hakipendi: hata ukimleta mnunuzi malaika, bei haitapanda sana kwa mpangilio ulivyo. Bei ya Jambiani inapangwa kwa kutoa. Unaanzia bei ya kiwandani, na hiyo inapangwa na Indonesia na Ufilipino, hasa Indonesia, ambao ndio mabwana wa mwani huu duniani na sisi kwao ni tone tu. Kutoka hapo unatoa nauli ya meli, unatoa gharama za bandari, unatoa kubana marobota, unatoa ghala, unatoa wakala wa kijijini na mzani wake, unatoa faida ya kampuni, na kinachobaki chini kabisa kwenye sufuria ndicho anacholipwa aliyeinama. Kila mtu juu yake ana ankara. Yeye hana ankara, yeye ni baki la hesabu.

Na mwani ni bidhaa ya bei ndogo kwa kilo, kwa hiyo haina pa kujificha. Ukisafirisha karafuu, nauli ikipanda mara mbili unaguna unalipa, maana kilo ya karafuu ina thamani ya kuibeba nauli. Mwani sivyo. Mwaka 2021 kontena zilipoadimika duniani nauli zilipanda kwa kiasi ambacho sijawahi kukiona tangu nianze kazi hii, na mzigo wa bei ndogo ndio ulioachwa ukae ghalani usubiri, maana nani atagombania kontena tupu kwa ajili ya majani ya bahari wakati mwenzako ana mzigo unaolipa? Tukapumua kidogo, mwisho wa 2023 Wahouthi wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, meli za Ulaya zikaacha Suezi zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu na gharama juu tena. Mama mdogo wangu hajui Bab el Mandeb, ule mlango wa kuingilia Bahari ya Shamu, iko wapi. Lakini kombora likirushwa kule, wakala Jambiani anasema "wiki hii hatununui, ghala limejaa", na huyo naye hasemi uongo, kweli limejaa. Kwa mwenye kiwanda hilo ni tatizo la ratiba, ana akiba ya miezi. Kwa mama mdogo ni magunia matatu yanakaa chumbani mvua za masika zinakuja na mwani ukinyonya unyevu unaharibika.

Mfano mwingine ambao nikiusimulia watu wanadhani natunga. Mwaka 2016 mwezi wa kumi na moja, Marekani, ile bodi inayoshauri vyakula vya ogani ilipiga kura karajinani itolewe kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa, baada ya kelele za walaji kwa miaka kwamba inasumbua tumbo. Mwaka 2018 wizara yao ya kilimo ikaamua la, ibaki. Lakini katikati hapo baadhi ya watengeneza maziwa walishaanza kubadilisha mapishi wakaweka vitu vingine, maana karajinani ina wapinzani, kuna gundi za maharage, za mbegu, chungu nzima. Yaani mama wa Kimarekani anasoma paketi dukani, anakunja uso, anarudisha kwenye shelfu, na wimbi lake likatua pwani yetu bila hata mtu mmoja pwani hiyo kujua kwamba kulikuwa na mjadala. Simlaumu mama yule, ana haki ya kujua anachompa mtoto. Nasema tu mnyororo ulivyo mrefu taarifa zinasafiri upande mmoja. Hasara inateremka haraka kuliko sababu yake.

Na sisi nasi tuna yetu, tusijifanye watakatifu. Mchanga. Kampuni ilikuwa inanunua kwa bei moja, safi na chafu sawasawa. Mama mdogo ana uchanja, anaanika juu, mwani wake hauna mchanga. Jirani anaanika chini ufukweni na mchanga, samahani kusema, mchanga una uzito. Wanafika mzanini, bei moja. Nani mjinga hapo? Sasa mnunuzi naye anajua anaibiwa mchanga, kwa hiyo anashusha bei ya wote kufidia. Mama mdogo analipia mchanga wa jirani. Ukiendelea hivyo misimu miwili mitatu mwenye uchanja anaubomoa apikie kuni. Wa kwake bado upo, ila nguzo mbili zimekwishatumika. Hili lingemalizwa na daraja mbili za bei tu, bei ya safi na bei ya hivyohivyo, wala halitaki mfadhili wala warsha ya siku tatu hotelini yenye posho.

Nikirudi kwa wale wa picha. Kipimo chao cha uendelevu kinauliza: unatumia dawa? Hapana. Mafuta? Hapana. Maji baridi, ardhi? Hapana, hapana. Alama zote. Ile kaboni wanayoisifia ningependa waitazame mara mbili, maana mwani unaimeza kweli wakati unakua, lakini ukishavunwa ukawa aiskrimu mtu akaila kaboni yake imerudi hewani zamani. Majani ya bahari yaliyong'olewa au kukanyagwa kupisha vigingi, ambayo ni malezi ya samaki, mara nyingi hayatajwi. Mwaka 2017 ASC na MSC, mashirika ya kuweka viwango vya mazao ya baharini, yalitoa kiwango cha pamoja cha mwani na kwa haki kabisa mle mna mambo ya watu pia, ajira ya watoto na kadhalika. Ila viwango hivi havipangi bei. Unaweza kuwa na cheti safi na mkulima wako akaacha kazi mwezi ujao.

Na wanaacha, hilo ndilo linalonisumbua. Wanaume wachache walioingia wakati bei ina nafuu walikuwa wa kwanza kutoka, wakaenda kuvua au kubeba mabegi ya watalii. Wasichana hawaingii kabisa. Binti yake mama mdogo yuko Paje, anafanya kazi kwenye hoteli ya vijana wa kaiti, wale wanaoruka na miavuli juu ya maji yaleyale ambayo bibi zake walifungia kamba (na zile kaiti na vigingi havipatani, tayari yameshakuwepo manung'uniko). Watafiti walioangalia afya za wakulima walikuta wanawake wanalalamika migongo, macho kwa mwanga wa jua na chumvi, mzio, kuchomwa na wadudu wa baharini, na kipato cha wengi kilikuwa chini hata ya kile kipimo cha ufukara wa kutupwa. Mkulima wa kawaida Jambiani sasa ni mtu mzima. Bahari ikipoa leo nyuzi tatu kwa muujiza, nani ataifunga hiyo kotonii?

Yapo yaliyojaribiwa, nayo lazima niyaseme kwa uaminifu. Daktari Flower Msuya, ambaye kwenye mwani wa Zanzibar ndiye jina la kwanza, amehangaika miaka na kupeleka kotonii kwenye maji ya kina ambako ni baridi zaidi, kwa nyavu za mfano wa bomba, mwani unakaa ndani haukatiki na mawimbi. Kitaalamu inafanya kazi. Sasa fikiria: maji ya kina yanataka boti, boti linataka injini au nahodha, na wanawake wengi wa pwani hawajui kuogelea, hawakufundishwa, mtoto wa kike kuogelea ilikuwa aibu. Mama mdogo amefanya kazi baharini zaidi ya miaka thelathini na hajui kuogelea. Nilipomuuliza angekwenda kina kirefu akanitazama kama nimemtukana. Kwa hiyo tatizo linaloitwa la tabianchi dawa yake ya kwanza kumbe ni darasa la kuogelea na boti la ushirika. Jambiani kuna wanawake walioingia kwenye kilimo cha sponji za kuogea na huko wamefundishwa kuogelea, bei nzuri, ila ni wachache, na sponji inauzwa zaidi kwa watalii, haiwezi kubeba watu elfu ishirini.

Sabuni nazo. Kidoti wametengeneza, Paje wametengeneza, sabuni za mwani na mafuta na karafuu, na sabuni moja inauzwa pesa ambayo ingekutaka kilo kadhaa za mwani mkavu. Napenda sana, dukani kwa watalii nanunua zawadi hizohizo. Lakini kipande cha sabuni kinatumia unga wa mwani kidogo mno. Ukitaka sabuni imalize tani elfu kumi itabidi dunia nzima ioge mara tano kwa siku.

Kinachoweza kubeba uzito ni kusindika nusu hukuhuku, ili kontena libebe bidhaa ya thamani badala ya kubeba chumvi, unyevu na mchanga mpaka Ulaya kwa nauli kamili. Serikali ya Zanzibar kwenye mambo yake ya uchumi wa buluu imeanzisha kampuni ya umma ya mwani na kupanga kiwanda Chamanangwe, Pemba. Mie naunga mkono, kwa mahesabu ya nauli niliyowaonyesha haina mjadala. Ila mjue kusindika mwani kunachemsha kwa dawa kali na kunasuuza kwa maji baridi mengi sana, na kisiwani maji baridi yenyewe tunayagombania na mahoteli. Kwa hiyo kiwanda kikinguruma, yale majibu ya hapana, hapana kwenye fomu ya uendelevu yatabadilika, na nina wasiwasi wale wa picha watakuwa wa kwanza kusema tumechafua zao. Unaambiwa uwe safi, na kubaki safi kumbe ni kubaki unauza ghafi.

Ningekuwa na sauti ningeanza na vitu vya bei rahisi. Daraja mbili za bei, nimesema. Bei ya kiwandani na nauli ya mwezi ibandikwe kwenye ghala la kijiji, karatasi moja tu, ili wakala akisema imeshuka mtu aone imeshuka wapi. Mie karatasi hizo nazishika, si siri ya serikali. Mikataba ya msimu hata kwa nusu ya mzigo, kwamba magunia haya tutachukua kwa bei hii meli ipite Suezi isipite. Mwenye kiwanda anaweza kubeba hatari ya miezi mitatu, ana benki na bima. Aliyeinama hana hata chumba cha pili cha kuwekea magunia. Halafu mwani wa kienyeji upelekwe mashambani kabla yule mgeni hajafa wote.

Likizo iliyopita nilimchukulia mama mdogo dawa ya meno dukani, nikamsomea maandishi madogo nyuma, nikamwonyesha neno lenyewe. Akaichukua, akaipima mkononi kama anavyopima mwani. "Bei gani hii?" Elfu tatu na mia tano. "Na humu mwani kiasi gani?" Nikamwambia kidogo sana, chini ya kijiko. Akasema, "Basi wao wanajua kuuza," akaiweka kabatini, lile kabati la mwani, akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka huu amefunga kamba sitini tu, zamani alikuwa na mia mbili. Vigingi vya jirani yake wa kushoto bado vimesimama havina kamba, ndege wanatua. Bamvua linaingia Alhamisi, kanitumia voisi kwamba nikija nisisahau taitai, za kwa wakala zimepanda bei tena.